Mwalimu anayekunyima ubao siku ya kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31. Naogelea vizuri bwawani, na baharini nimewahi kuteleza kwa ubao kwenye mawimbi madogo kwa likizo mbili, nikaweza kusimama. Sasa nataka kujifunza wimbi la mto. Nimepata walimu wawili. Wa kwanza ameniahidi kwamba nitasimama ndani ya saa moja, tena kofia haihitajiki kwa kuwa maji ni ya kiunoni tu. Wa pili amesema siku ya kwanza sitagusa ubao kabisa, nitaogelea na kurushiwa kamba ya uokoaji. Wote ni wazoefu na wanatoza pesa ileile. Rafiki zangu wanasema huyu wa pili ananizungusha. Nimfuate nani? Na je, ninunue ubao wangu na kamba ya mguuni, ile ya kujifunga na ubao, mapema, maana nimeweka akiba kidogo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mfuate wa pili, na kamba ya mguuni usiinunue. Nitakueleza sababu kwa urefu, kwa maana iko siku utasimama ukingoni bila mimi wala mwalimu wako, na itakubidi uamue mwenyewe.

Tuanze na wimbi lenyewe. Baharini wimbi linasafiri, maji yanabaki. Chupa inayoelea hupanda na kushuka, ikabaki karibu na pale ilipokuwa. Mtoni ni kinyume: wimbi limesimama, maji ndiyo yanayopita. Maji membamba yenye kasi huteremka juu ya kizingiti cha mwamba au zege, yakakutana chini na maji ya kina yanayokwenda polepole. Pale yanapogongana yanajikunja na kuinuka, na wewe ukingoni unaona kilima cha maji kisichohama, asubuhi mpaka jioni.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu kuhusu kuanguka. Ukianguka baharini, wimbi linakupita na kwenda zake. Ukianguka mtoni, wewe ndiye unayekwenda. Pumzi mbili tu, umeshaliacha wimbi nyuma na uko mikononi mwa kile kilichopo chini yake: mawe, nguzo ya daraja, mti uliolala, au, ikiwa mahali pamechaguliwa vizuri, dimbwi pana lililotulia. Ndiyo maana mimi nikipelekwa kwenye wimbi nisilolijua, sianzi kulitazama wimbi. Nashuka kwanza mita 50 au 100 chini yake, nikitembea ukingoni, kisha narudi juu polepole. Wimbi baya lenye njia nzuri ya kutokea naweza kumfundishia mtu. Wimbi zuri linalomwaga watu kwenye mti, hapana.

Sasa hili la maji ya kiunoni. Mwalimu wa kwanza anaona kina kifupi ndicho usalama, na hapo amekosea kwa namna inayonitia hofu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Mfereji mdogo unaopitisha mita za ujazo 10 kwa sekunde unasukuma tani 10 kila sekunde, bila kupumzika. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye mwili wako unaongezeka mara nne. Na kina kikiwa kifupi, jiwe liko karibu na kichwa chako. Baharini ungeanguka kwenye maji ya kukupokea. Hapa unaanguka kwenye blanketi jembamba lililotandikwa juu ya zege. Maji ya kiunoni ndiyo yanayodai kofia, tena kofia ngumu ya maji yenye matundu ya kumwaga maji na mkanda wa kidevuni unaobana, ile isiyosogea ukiisukuma na kiganja kutoka mbele.

Tena maji ya kiunoni yana mtego mwingine ambao waogeleaji wa bwawani hawaujui. Mtu akianguka, akili inamwambia asimame. Anashusha mguu, unyayo unaingia katikati ya mawe mawili, na mto haungoji. Unamsukuma mgongoni mpaka anainama mbele, uso ukiwa ndani ya maji yasiyofika hata kifuani. Mguu hautoki kwa sababu uzito wote wa maji unaukandamiza upande uleule ulioingilia. Watu wenye nguvu, waogeleaji hodari, wamefia mahali ambapo wangeweza kuketi wakapumua. Kwa hiyo sheria ya kwanza kabisa utakayofundishwa, na ambayo mwalimu mzuri atairudia mpaka ikuchoshe, ni hii: ndani ya maji yanayokwenda, yakishapita magoti, usisimame. Lala chali, miguu mbele kuelekea mkondo unakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, makalio umeyainua. Ukitaka kutoka, geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu ukikata mto kwa mshazari hadi kwenye maji tulivu. Utasimama makalio yakigusa mchanga, si kabla.

Hayo unaweza kuyasoma ukayaelewa kwa dakika 2. Mwili wako hautayaelewa mpaka uyarudie mara 20 ukiwa umelowa, unatetemeka na umemeza maji kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya siku ya kwanza ya mwalimu wako wa pili. Hakuzungushi. Anakufundisha kutoka kabla ya kukufundisha kuingia.

Nikueleze ninavyoanza mimi, upate cha kulinganisha. Mwanafunzi akifika, kabla hajavaa chochote, tunakusanya vijiti. Narusha cha kwanza katikati ya wimbi, tunahesabu pamoja kwa sauti. Moja, mbili, kinazama kwenye povu. Tatu, nne, kinaibuka kushoto. Kinakwenda moja kwa moja hadi kwenye mizizi ya ukingoni, kinanasa hapo kikitetemeka. Cha pili nakirusha hatua 2 upande wa kulia. Hicho kinaibuka mapema, kinaingia pembeni, kinaanza kuzunguka taratibu na hata kurudi juu kidogo, kama mto umebadili nia. Ndipo namwuliza: wewe unataka kuwa kijiti kipi? Tunatafuta mstari ambao, ukianguka upande huu wake, unatokea kwenye mizizi, na upande ule unatokea kwenye utulivu. Tunatafuta na jiwe au kichaka cha ukingoni cha kuuwekea alama. Kuanzia hapo mwanafunzi haoni tena mto mmoja, anaona njia nyingi zinazopita bega kwa bega.

Yale maji yanayozunguka pembeni ndiyo rafiki yako mkubwa. Nyuma ya kila mwamba, nguzo au kona, mkondo wa kasi huacha nafasi, na maji mengine hurudi kuijaza yakielekea juu ya mto. Mimi napaita kituoni, kwa kuwa ndipo safari ya kila anayeanguka inapotakiwa kuishia. Mpaka wa kituo na mkondo una nguvu zake: upande mmoja maji yanapanda, upande wa pili yanashuka, na ukiuvuka kwa kusitasita unakusokota na kukurudisha ulikotoka. Unauvuka kwa kasi, mkono wa mbele ukiufikisha mbali ndani ya maji tulivu kama mtu anayejivuta juu ya ukuta. Wanafunzi wengi huacha kuogelea hatua moja kabla ya kufika, wakidhani wameshafika. Ogelea mpaka uso wako uguse utulivu, kisha piga mikono mitatu zaidi.

Na mti uliolala majini, huo usiucheke hata ukiwa mdogo. Ni kama chujio la chai: maji yanapita, majani yanabaki. Mkondo ukikupeleka kwake na huna namna nyingine, geuka kifudifudi, uogelee kichwa mbele kuuelekea na ujirushe juu ya shina kwa kifua chako chote. Kamwe usiufikie kwa miguu, maana miguu itapita chini na wewe utaifuata. Lakini heri isifike huko. Mti kama huo ukiwa chini ya wimbi, mwalimu anayejali ataukata na kuuondoa, au atahamisha somo.

Sasa kamba ya mguuni. Baharini ni desturi njema, inazuia ubao wako usimwumize mwenzako na inakupa kitu cha kuelea karibu. Mtoni inageuka. Kamba ikinasa kwenye jiwe au kipande cha nondo chini ya maji, wewe unakuwa umefungwa mguu, mto unakuvuta upande mmoja na nanga iko upande wa pili, na kifundo cha mguu wako kiko nyuma yako, mahali ambapo mikono haifiki. Najua, kwa sababu yalinipata mwaka wangu wa pili. Nilianguka vizuri, nikatokea vizuri, nikadhani yamekwisha, mara mguu ukakamatwa. Nilijikunja kuufikia, maji yakaninyoosha. Nikajikunja tena, yakaninyoosha tena, na kila mara nilipata pumzi ndogo kuliko iliyotangulia. Sikujiokoa kwa ustadi. Mkanda wa kifundoni ulikuwa umechakaa, ukaachia wenyewe. Mwenzangu aliyekuwa ukingoni hakuwa ameona chochote cha ajabu. Aliniona tu nimechelewa kutoka. Tangu siku hiyo sijafunga kitu mguuni mtoni, wala sijamruhusu mwanafunzi wangu kufunga.

Hata kwenye wimbi la mto lenye jina kubwa kuliko yote, mtego huohuo ulikuwepo. Mjini München, Ujerumani, watu walianza kuteleza kwenye mfereji wa Eisbach miaka ya 1970, na mwaka 2010 mchezo ukaruhusiwa rasmi pale. Wimbi lilikuwa katikati ya jiji, watazamaji wakijaa darajani. Aprili 2025 mtelezaji mmoja alinaswa na kamba yake chini ya maji wakati wa usiku, akafariki siku chache baadaye. Wimbi lilifungwa kwa wiki kadhaa. Lilipofunguliwa tena Juni, masharti yalikuwa haya: kamba, kwa mwenye kutumia, iwe ya kujiachia, hakuna kuteleza usiku, na walio chini ya miaka 14 wasiingie. Mimi nisingesubiri sharti la jiji lolote.

Kama mwalimu wako anataka ufunge kamba kwa sababu ya mahali mlipo, iwe ile inayofungwa kiunoni juu ya jaketi la kuokolea maisha, yenye kishikio au mpira wa kuvuta unaoachia mara moja. Kisha uifanyie mazoezi nchi kavu: fumba macho, mwenzako akuvute kwa nguvu, uiachie kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Ukikosa hata mara moja kati ya mara 10, hujawa tayari kuingia nayo. Kwa anayeanza, mimi napendelea bila kamba yoyote. Ubao utaelea hadi kituoni, na atakuwepo mtu wa kuudaka. Ukiwa nao majini, ushike ubavuni mwako au uuachie utangulie. Usikubali kuwa katikati ya ubao na mwamba.

Umeniambia walimu wote wawili ni wazoefu. Uzoefu wa kuteleza na uzoefu wa kumtoa mtu mtoni ni vitu viwili, na wapo mabingwa wa ubao ambao hawajawahi kurusha kamba kwa mtu aliyechoka. Mwulize mwalimu kama amesomea uokoaji kwenye maji ya kasi, mafunzo yale ya waokoaji na waongoza maboti ya mtoni, na ni lini alirudia mara ya mwisho. Mwulize kuhusu huduma ya kwanza. Kisha mwulize swali ambalo mimi nalipenda kuliko vyeti: "Nikianguka nikapoteza ubao, nitatokea wapi?" Mwalimu wa kweli hataanza kukufariji. Atanyoosha kidole: pale, halafu pale, na yule pale ndiye atakayekuwa na kamba. Mwulize pia ni lini alifuta somo kwa sababu ya mto. Anayefundisha mtoni na hajawahi kufuta somo, ama ameanza juzi, ama hatazami maji.

Huyo mwenye kamba usimchukulie kama mapambo. Wakati wote ukiwa majini, awepo mtu mmoja chini ya wimbi, amesimama mahali pasipoteleza, mfuko wa kamba mkononi, macho kwako. Asiwe anapiga picha. Kamba hizo huwa na urefu wa mita 15 hadi 20, na ataita jina lako au atapiga kelele "Kamba!" kabla ya kurusha, ili ugeuke uione. Ikikufikia, shika kamba yenyewe, usiufuate mfuko. Ipitishe juu ya bega lililo mbali na anayekuvuta, ibane kifuani kwa mikono miwili, lala chali. Hapo maji yatapita juu ya kofia na kukuachia nafasi ya kupumua, na mkondo wenyewe utakubembea hadi ukingoni. Ukiishika huku umelala kifudifudi, utavutwa uso kwa uso na mto. Na usiizungushe mkononi hata mara moja, maana siku ikibidi uiachie, iachike. Ukishatulia, gusa utosi wa kofia yako kwa kiganja: ndiyo ishara ya mtoni kwamba uko salama. Filimbi ikilia mara 3, ni dharura, kila mtu anaacha alichokuwa anafanya.

Mahali pa kujifunzia pana uzito sawa na mwalimu. Hata miji iliyobobea hutenganisha. München hiyohiyo ina wimbi jingine, Floßlände, dogo na la polepole, ambako wanaoanza hupelekwa kabla hawajathubutu kuisogelea Eisbach. Montreal, Kanada, kuna Habitat 67 kwenye mto St. Lawrence, maji makubwa yanayodai mtu aliyekomaa, na mahali pengine kuna wimbi pole wanaloliita Vague à Guy. Boise, Marekani, walijenga bustani ya mawimbi mwaka 2012, yenye vizingiti vinavyorekebishwa ili kubadili sura ya wimbi. Unachotafuta ni wimbi la kijani, laini usoni, ambalo maji yake yanaendelea mbele baada ya kilele. Unachokimbia ni shimo: mahali ambapo maji yanadondoka wima, yanajiviringisha na kurudi nyuma kwa upana wote wa mto. Povu la shimo limejaa hewa, halikubebi na wala mikono yako haipati cha kukamata ndani yake. Mbaya kuliko yote ni ukuta mfupi wa zege unaokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Unaonekana mpole, hauna kelele nyingi, mstari wake umenyooka kama umechorwa kwa rula. Huo unyoofu ndio unaomzuia mtu kutoka, kwa sababu maji yanayorudi hayaachi upenyo upande wowote. Hapo hapana somo, hapana jaribio, hata jaketi la kuokolea maisha halitoshi.

Tena wimbi si lilelile kila siku. Maji yakipanda kidogo, wimbi pole linaweza kugeuka shimo. Yakishuka, mawe yanajitokeza. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mfereji wa Eisbach ulisafishwa kama ilivyo desturi ya kila mwaka, na maji yaliporudishwa, wimbi lililojulikana dunia nzima halikuinuka. Ilidhaniwa kokoto za chini zilikuwa zimehama, basi. Kwa hiyo mwalimu wako awe anajua kipimo cha maji cha leo, na wewe jifunze kukisoma. Mvua iliyonyesha mbali juu ya mto inakufikia saa kadhaa baadaye, chini ya jua kali. Ukiona maji yamebadilika rangi, majani na matawi yanaanza kupita, jiwe uliloliwekea alama limefunikwa, toka. Mto wenye bwawa la umeme juu yake unaweza kupanda ghafla bila wingu lolote, na ratiba ya kufungulia maji ni jambo la kuulizia kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuhusu ubao, nina habari njema na mbaya. Njema ni kwamba mizani uliyoipata baharini itakusaidia. Mbaya ni kwamba tabia mbili za baharini zitakuangusha. Ya kwanza ni ubavu wa ubao. Baharini unaulaza ubavu ndani ya uso wa wimbi ushike. Mtoni maji yanakujia kutoka mbele kwa kasi, na ubavu unaoelekea yatokako maji ukizama hata kwa upana wa kidole, yanaunasa na kukupindua kabla hujasema lolote. Uweke ubavu huo umeinuka kidogo daima, hasa unapoanza kugeuka. Ya pili ni macho. Baharini unatazama unakokwenda, na wewe unakwenda kweli. Mtoni huendi popote, ndiyo maana macho hushuka miguuni yakitafuta kazi. Ukitazama maji yanayokimbia chini yako, kichwa kinazunguka na mwili unafuata. Tazama kitu kimoja kisichotembea, ng'ambo, juu kidogo ya mto, na ukikodolee.

Mengine ni uzito. Ukikandamiza mguu wa mbele, ubao unateremka uso wa wimbi kuelekea juu ya mto; ukizidisha, pua inazama na unarushwa mbele. Ukikandamiza wa nyuma unafunga breki. Ukizidisha, unabebwa juu ya kilele na safari imekwisha. Kati ya hapo pana nafasi ndogo, kama upana wa mkate, ambamo ubao unanyamaza. Utaijua kwa masikio kabla ya miguu: ile kelele ya maji kupiga chini ya ubao inapungua ghafla. Utafika huko kwa hatua. Kwanza kulala kifudifudi juu ya ubao, mwalimu akiushika, mpaka usikie wimbi linavyokubeba. Kisha magoti. Kisha kusimama, mwanzoni ukishika kijiti au kamba anayoishika mwalimu ukingoni, na unapoyumba unaiachia, hujifungi nayo. Wengi husimama sekunde chache katika somo la pili au la tatu. Kukaa nusu dakika na kugeuka unavyotaka ni kazi ya wiki nyingi, na sijaona njia ya mkato.

Ukianguka, anguka bapa. Mgongo au ubavu, mikono imekumbatia kichwa, kama unayejitupa kitandani. Usiruke kichwa mbele, na usiruke wima kwa miguu. Baki umejikunja mpaka umeibuka, tafuta ubao kwa mkono mmoja kabla ya kuinua uso, kisha ogelea kwenda kituoni.

Mavazi nayapitia haraka. Jaketi la kuokolea maisha liwe la maji ya kasi, lenye nguvu ya kuelea isiyopungua nyutoni 50, limekubana kiasi kwamba mtu akikuinua kwa mabega ya jaketi hilo halipandi masikioni. Fulana nyembamba za kukinga mbavu si jaketi, usikubali kubadilishiwa. Viatu vyenye soli, daima. Maji baridi yanahitaji suti ya mpira: ya milimita 4 au 5 panapokuwa na theluji iliyoyeyuka. Profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada alilifupisha suala la baridi kwa namba 1-10-1: dakika 1 ya kuidhibiti pumzi isikukimbie, kama dakika 10 kabla mikono haijakataa kazi, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Zile dakika 10 ndizo zinazokuhusu, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi hauwezi kubana kamba. Maji matamu pia hayabebi kama ya chumvi, kwa hiyo ubao uliokubeba baharini utauona mzito kidogo. Omba mnene na mpana zaidi, wenye uso laini na mapezi mafupi. Baada ya mvua kubwa maji ya mto hubeba uchafu, basi ahirisha, na kidonda kibichi kisiingie. Panapojulikana kuwa na mamba au viboko hapana mjadala.

Wahenga walisema ukiyavulia nguo maji huna budi kuyaoga. Kwa mto naomba uipindue methali hiyo. Umeshavaa suti, umeshafunga kofia, umeshalipa, wenzako wamepanga foleni na zamu yako imefika, na bado una haki yote ya kusema leo hapana. Mwalimu wako wa pili, kama ndiye ninayemdhani, hatakuuliza sababu.

Ubao usinunue sasa. Hujajua wimbi utakalolizoea lina kasi gani, na ubao wa kwanza huwa unagongwa mawe mpaka unasikitisha. Tumia wa mwalimu kwa miezi ya mwanzo. Akiba yako nunulia kofia inayokutosha kweli, maana ya kuazima huwa pana, na mfuko wa kamba ya kurusha wa mita 15. Jioni weka ndoo hatua 12 kutoka uliposimama. Kamba irushe ipite juu ya ndoo, ilale upande wa pili, kwa kuwa anayeelea anaishika inapomwangukia begani. Ukikosa, ivute haraka, usiijaze tena mfukoni, ikunje mkononi na urushe mara ya pili kabla hujahesabu 20. Ukiweza mara 8 kati ya 10, mwambie mwalimu akuweke zamu chini ya wimbi, wewe ndiye uwatazame wenzako.